Mchezo Ukikwama, Pima Kabla ya Kununua

Mazungumzo na vijana na wenye vibanda vya michezo ya kompyuta, Lanet



Wengi wetu hapa Lanet tunatumia kompyuta za mtumba. Mchana zinachapa barua za wateja, jioni vijana wanalipa kucheza michezo ya zamani. Mchezo ukianza kukwamakwama, wateja huondoka, na mwenye kibanda huambiwa anunue kadi mpya ya picha. Pesa hizo huenda ndizo karo ya mtoto. Nawaomba mpime kwanza.

Je, mchezo huanza vizuri kisha ukalegea baada ya muda? Shuku joto. Kompyuta ikipata moto hupunguza kasi yenyewe ili isiungue. Inasemekana jina Nakuru linatokana na neno la Kimaasai lenye maana ya mahali pa vumbi, na vumbi hilo huishia ndani ya feni. Zima mashine, chomoa waya wa umeme, ifungue, kisha lipulize vumbi huku umeizuia feni isizunguke.

Kama unakwama tangu mwanzo, angalia mambo matatu. Kwanza, waya wa skrini umechomekwa kwenye kadi ya picha yenyewe? Ukichomekwa pale pengine nyuma ya kompyuta, kadi hukaa bure. Pili, fungua Device Manager. Ukiona Microsoft Basic Display Adapter, programu ya kuendesha kadi haijawekwa; ipakue bila malipo kutoka kwa kampuni iliyotengeneza kadi. Tatu, laptopu ichezewe ikiwa kwenye umeme, kwa sababu ikitumia betri hupunguza nguvu.

Bado? Punguza ukubwa wa picha ndani ya mchezo kutoka 1920 kwa 1080 hadi 1280 kwa 720. Nukta za kuchorwa hushuka kutoka 2,073,600 hadi 921,600, yaani chini ya nusu. Kasi ikipanda, kadi ndiyo iliyolemewa, na unaweza kuendelea kucheza hivyo bila kutumia hata shilingi. Isipopanda, mzigo uko kwingine: funga programu nyingine zilizo wazi ujaribu tena.

Mwisho, michezo mingine imewekewa kikomo na waliyoitengeneza. GTA San Andreas, iliyofika kwenye kompyuta mwaka 2005, ina kikomo cha picha kwa sekunde. Ukikiondoa, mwendo wa magari na kuogelea huweza kuharibika. Hapo kompyuta haina kosa.

Ukishapima yote haya, nenda kwa fundi umweleze ulichokiona. Ukijua tatizo liko wapi, hutauziwa usichohitaji.