Mastahili ya Wanawake Waadilifu katika Mapokeo ya Kiyahudi

(Mada iliyotolewa katika semina ya Haki na Amani)



Tumezoea kukisoma kitabu cha Kutoka kama habari za Musa na Farao. Walimu wa Kiyahudi wa kale, yaani marabi, walikisoma kwa namna nyingine. Katika Talmudi ya Babeli, mkusanyo wa mafundisho uliokamilika yapata karne ya 6 baada ya Kristo, wanafundisha kwamba Waisraeli walikombolewa kutoka Misri kwa mastahili ya wanawake waadilifu wa kizazi kile. Tena fundisho hilo limo katika sehemu inayohusu mke anayeshukiwa uzinzi. Penye shaka kubwa juu ya mwanamke ndipo ilipowekwa sifa yake kubwa.

Kwa Kiebrania mastahili hayo huitwa zekhut. Ni thamani ya tendo jema mbele za Mungu, ambayo haimfaidii mtendaji peke yake, bali huwafunika na wengine, hata wasiostahili.

Wanawake hao walitenda nini? Marabi wasimulia kwamba walipokwenda kuteka maji, Mungu aliwajalia samaki wadogo mitungini, mtungi ukawa nusu maji na nusu samaki. Wakabandika vyungu viwili, kimoja cha maji ya moto na kimoja cha samaki, wakawapelekea waume zao huko mashambani walikotumikishwa. Wakawaogesha, wakawapaka mafuta, wakawalisha, kisha wakalala nao. Farao alitaka taifa lile lichoke hata lisizae. Wanawake walikataa kuchoka. Tusione haya kulitaja jambo hili, kwa maana marabi hawakuona haya.

Masimulizi mengine yaongeza habari ya vioo. Mke alijitazama katika kioo cha shaba pamoja na mumewe aliyekuwa hoi kwa kazi ya matofali, akamtania kwamba yeye ni mzuri kumshinda. Baadaye, jangwani, wanawake walivitoa vioo hivyo kwa ajili ya hema takatifu. Musa akavikataa kwa kuviona ni vyombo vya tamaa. Mungu akamwamuru avipokee, kwani kwake vilipendeza kuliko matoleo yote. Ndivyo walivyoifafanua aya ya Kutoka 38:8, isemayo kwamba birika la makuhani lilitengenezwa kwa vioo vya wanawake.

Yupo pia Miriamu. Amri ya kuwaua watoto wa kiume ilipotoka, baba yake, Amramu, alikata tamaa akamwacha mkewe, na wanaume wengine wakamfuata. Binti akamkemea: Farao amewahukumu wavulana tu, nawe umewahukumu na wasichana. Amramu akamrudia mkewe, na Musa akazaliwa.

Hapa nataka kutoa tahadhari. Ni rahisi kumsifu mwanamke ili aendelee kubeba mzigo. Sheria ya marabi haohao haikupokea ushahidi wa wanawake katika kesi nyingi. Lakini mapokeo yaleyale yaliwahesabia uadilifu hata pale walipodai. Mala, Noa, Hogla, Milka na Tirza, binti watano wa Selofehadi, walisimama mbele ya Musa na wakuu wote wakidai urithi wa baba yao, aliyefariki bila mwana wa kiume (Hesabu 27). Mungu akasema kwamba wamenena haki. Talmudi yawaita wenye hekima, wafafanuzi wa sheria, na waadilifu. Kweli, sura ya 36 yawabana waolewe ndani ya kabila la baba yao, na wale kati yetu wanaosikiliza mashauri ya mirathi wanavijua vifungo vya namna hiyo. Hata hivyo, hakuna aliyewaambia kwamba uchaji ni kunyamaza.

Hadi leo, usiku wa Pasaka, sheria ya Kiyahudi yawataka wanawake wanywe vikombe vinne vya divai sawa na wanaume, ingawa imewasamehe amri nyingi zenye saa maalumu. Sababu iliyotolewa ni kwamba wao nao walikuwamo katika muujiza ule.

Marabi walifundisha pia kwamba kisima kilichowanywesha watu jangwani kilitolewa kwa mastahili ya Miriamu. Walikuwa wameisoma Hesabu 20: aya ya kwanza yataja kifo chake, na ya pili yasema kwamba watu hawakuwa na maji.