Nyumba ya Eda Isigeuzwe Uwanja wa Vita

(Mawaidha yaliyotolewa baada ya sala ya Magharibi, Tegeta)

Kila sifa njema anastahiki Allah (s.w.). Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na Masahaba zake. Ama baad.

Ndugu Waislamu, talaka inapotamkwa katika mitaa yetu, mara nyingi mume humtupia mke mabegi barazani usiku uleule, au mke hukimbilia kwao akidhani hana haki tena. Yote mawili yanapingana na Surat At-Talaq. Aya ya kwanza inawakataza waume kuwatoa wake majumbani wakiwa edani, na wake nao wasitoke, isipokuwa padhihirike uchafu wa wazi. Aya ya sita inamwamuru mume ampe makazi kwa kadiri ya uwezo wake, wala asimdhuru ili kumtia dhiki. Kubadilisha kufuli, kukata maji, kufungia chakula: hiyo ndiyo dhiki iliyokatazwa.

Je, nyumba yenyewe ikiwa ndiyo hatari? Fatima bint Qays (r.a.), baada ya talaka ya tatu, alimweleza Mtume (s.a.w.) kuwa anahofia kuvamiwa. Mtume akamwamuru ahame, kama alivyopokea Imam Muslim. Basi dada anayetishiwa kwa panga asiambiwe avumilie kwa kuwa yumo edani. Ahamie penye amani, na eda yake aimalizie huko.

Sheria ya nchi nayo haikunyamaza. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 66, haimpi mwanandoa yeyote haki ya kumpiga mwenzake. Kifungu cha 59 kinazuia nyumba ya ndoa kuuzwa au kuwekwa rehani bila ridhaa ya mwenza. Aliyepigwa aende polisi, kwenye Dawati la Jinsia na Watoto, achukue PF3, atibiwe. Cheti cha ndoa na vya watoto avihifadhi mapema kwa ndugu mwaminifu.

Enyi wazee mnaosuluhisha, suluhu ni jambo tukufu, lakini kumrudisha mtu kwenye ngumi si suluhu. Enyi waume, Mtume wetu (s.a.w.) hakupata kumpiga mwanamke kwa mkono wake. Na wewe jirani, unayesikia kilio ukaongeza sauti ya redio, jiandae kuulizwa.

Allah atujaalie tukiishi pamoja tuishi kwa wema, na tukiachana tuachane kwa wema.

Wabillahi tawfiq.