Asali ni Nzuri, Lakini Vidonda vya Tumbo Vina Dawa Yake



Leo tuzungumze juu ya vidonda vya tumbo. Huku kwetu Katavi, kuanzia Mpanda mpaka Inyonga, asali ya msituni ni mali yetu. Mtu akiumwa chembe ya moyo huambiwa, "Lamba asali, utapona." Je, ni kweli?

Asali ina wema wake. Ndani yake mna vitu viitwavyo antioksidanti. Vimo pia katika matunda na mboga za majani. Vinafanya kazi gani? Jembe likiachwa kwenye unyevu hushika kutu, na kutu hulila. Tumbo lenye kidonda nalo huliwa kwa namna inayofanana na hiyo. Antioksidanti hupunguza ulaji huo. Wataalamu walijaribu asali kwa panya, wakaona matumbo yao hayakuumia sana.

Lakini jamani, mtu siyo panya. Haijathibitika kwamba asali peke yake humponya mtu vidonda.

Basi adui ni nani? Zamani watu walisema ni pilipili na mawazo. Mwaka 1982 madaktari wawili wa Australia, Barry Marshall na Robin Warren, walimgundua mdudu mdogo sana aitwaye helikobakta pailori. Huyo hukaa kwenye ukuta wa tumbo. Mwaka 1984 Marshall alimnywa mdudu huyo makusudi, akaugua tumbo. Mwaka 2005 wote wawili walipewa Tuzo ya Nobel.

Adui wa pili ni vidonge vya maumivu, kama aspirini, diklofenaki na ibuprofeni. Mtu katoka shamba, mgongo unamwuma, anameza kila siku. Tumbo linachubuka.

Ndugu zangu, tufanye hivi. Nenda kituo cha afya au hospitali ukapimwe. Mdudu akionekana, utapewa dawa ya kupunguza asidi na dawa za kumwua, mara nyingi kwa siku 14. Zimalize zote, hata kama maumivu yamekwisha. Asali kula kama chakula. Ila mtoto wa chini ya mwaka mmoja asipewe.

Ukiona choo cheusi kama lami, ukitapika damu, au tumbo likikata ghafla, usingoje kesho. Kidonda kinaweza kuwa kinavuja damu au kimetoboka. Hapo asali weka kando, wahi hospitali siku ile ile.