Saa ya Mkononi na Afya ya Mishipa ya Damu

(Mada iliyotolewa kwa wahudumu wa afya wa kujitolea)



Tumeombwa tuzungumzie saa zinazosemekana kupima mishipa ya damu. Ombi hili lina chanzo chake. Katika ziara za majumbani tulimkuta mama mmoja wa zaidi ya miaka 60 ambaye alikuwa ameacha dawa za presha kwa miezi miwili. Mwanawe alimletea saa ya kuvaa mkononi, nayo kila asubuhi ilimwonyesha 124/80. Tulipompima kwa mashine ya mkanda tulipata 182/106. Tukasubiri dakika tano, tukarudia, ikawa vile vile. Akatuuliza, "Sasa wanangu, mwongo ni nani?"

Saa hizi haziigusi damu. Kwa nyuma zina taa ndogo, mara nyingi ya kijani, inayomulika ngozi. Moyo unapopiga, damu hujaa katika mishipa midogo na mwanga unaorudi hupungua. Saa huhesabu mabadiliko hayo. Kwa kuhesabu mapigo ya moyo njia hii inafaa. Kwa presha, saa hutazama umbo la wimbi la damu kisha hukadiria. Ndiyo maana saa za Samsung zenye huduma hii humtaka mvaaji azilinganishe na mashine ya mkanda kila baada ya siku 28. Saa ya mama yule haikuwahi kulinganishwa na chochote.

Hata hivyo tusiidharau kazi ya wataalamu. Ateri yenye afya hunyumbuka kama mpira mpya, na wimbi la damu hupita humo taratibu. Ateri iliyokakamaa hulipitisha haraka. Hospitali zenye vifaa hupima kasi hiyo kati ya shingo na paja bila sindano, na kwa mtu mzima inayozidi mita 10 kwa sekunde huhesabiwa kuwa dalili ya hatari. Septemba 2025 Marekani iliidhinisha saa ya Apple itoe tahadhari ya presha kwa kutazama taarifa za siku 30. Haitoi namba, humwambia mvaaji akapime kwa mkanda.

Lipo pia suala la ngozi zetu. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan walionyesha kuwa kifaa cha kidoleni cha kupima oksijeni, ambacho nacho hutumia mwanga, kilishindwa kugundua upungufu kwa wagonjwa weusi karibu mara tatu zaidi ya wazungu. Tunayo haki ya kuuliza saa hizi zilijaribiwa kwa ngozi ya nani.

Shirika la Afya Duniani linasema watu wazima bilioni 1.4 walikuwa na presha ya juu mwaka 2024, na ni takriban mmoja tu kati ya watano aliyeidhibiti. Presha haiumi, kwa hiyo namba nzuri hupokelewa kwa furaha.

Basi mkimkuta mtu na saa, msimcheke wala msimvue. Huenda ni zawadi ya mtoto. Mketisheni dakika tano, mgongo umeegemea, mkono usawa wa moyo, ndipo mmfunge mkanda. Dawa isiachwe kwa neno la saa.

Mama yule amerudi kliniki. Saa bado anaivaa, anahesabia hatua zake za kwenda sokoni. Wenye saa kama hizo wazilete mezani baada ya chai, mashine ya mkanda ipo, tutalinganisha.