Bustani ya Kivukoni na Miche Yetu
(Hotuba ya Katibu katika Mkutano Mkuu wa Kuadhimisha Miaka Kumi ya Chama)



Tunapotimiza miaka kumi, tumeona si vema kuhesabu matenga na shilingi peke yake. Hapa Kivukoni ipo bustani ya mimea ambayo wengi wetu huipita tukitoka kwenye pantoni kwenda sokoni Kariakoo. Twapenda kueleza habari za mwanzilishi wake, maana kazi yake yahusu shauri lililo mbele yetu.

Huyo ni Franz Stuhlmann, Mjerumani, aliyezaliwa Hamburg mwaka 1863. Elimu yake ya kwanza ilikuwa ya wanyama, na kwa ajili hiyo alifika Unguja mwaka 1888. Mwaka 1890 alifuatana na Emin Pasha katika safari ya bara mpaka nchi za Maziwa Makuu. Aliporudi pwani alikabidhiwa mambo ya kilimo, na mwaka 1893 bustani hii ikaanzishwa, ili mimea ya kigeni ijaribiwe kwanza kabla ya kutiwa mashambani. Mwaka 1902 kilianzishwa kituo cha utafiti cha Amani, katika Usambara ya Mashariki, naye akawa mkuu wake. Mwaka 1909 alitoa kitabu kikubwa juu ya asili ya mazao na mifugo ya nchi hii. Alifariki mwaka 1928.

Wenzetu, matunda tunayoyaita ya kwetu mengi yalikuja na majahazi na merikebu zamani kabla ya Stuhlmann. Mwembe ulitoka Bara Hindi. Mpapai, mnanasi, mpera na mkorosho vilitoka Amerika. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwaka ule ule wa 1893, Mjerumani mwingine, Richard Hindorf, aliagiza miche ya mkonge kutoka Florida, na iliyofika ikiwa hai ilikuwa 62 tu. Kutokana na hiyo, mwaka 1964 nchi yetu ilitoa zaidi ya tani 200,000 za katani. Basi miche michache iliyotunzwa ni bora kuliko mingi isiyo na mlezi.

Lakini tusiseme nusu ya habari. Maarifa yale hayakukusudiwa kwanza kumfaa mkulima wa nchi, bali mashamba ya walowezi na viwanda vya Ulaya. Pamba ililimishwa kwa nguvu, na jambo hilo likawa moja katika sababu kubwa za Vita vya Majimaji, 1905 hadi 1907. Zao lilichaguliwa, wala mkulima hakuulizwa.

Sasa tuje kwetu. Mwanachama hununua mche wa mwembe kando ya njia, asijue umetokana na mti gani. Hungoja miaka sita au zaidi, kisha huvuna embe dogo lenye nyuzi, na Kariakoo mnunuzi hulipita. Mche uliobebeshwa vizuri kutoka mti mama unaojulikana huweza kuanza kuzaa katika mwaka wa tatu au wa nne, na tunda lake hufanana na la mama yake.

Kwa hiyo Halmashauri inaomba sehemu ya ziada ya mwaka huu itumike kuanzisha kitalu cha Chama. Wako wazee wetu wasemao kwamba fedha hiyo igawanywe, kwa kuwa ada za shule hazingoji mwembe. Neno hilo ni la haki, nasi hatulidharau. Ndiyo maana tunaomba sehemu, si yote. Na kila kijiji kichague mtu wake wa kuingia katika kamati ya kitalu, ili miti mama ichaguliwe na wakulima wenyewe, na kila mche uandikwe daftarini.

Stuhlmann alikuwa na maarifa na amri ya serikali. Sisi tuna maarifa na kura. Kateni shauri, nasi tutalitimiza.