Risasi Kwenye Petroli: Chama Kikibadilika, Hewa Je?

Leo tuongee siasa kidogo. Msikimbie! Siasa hii inaingia mpaka kwenye damu.

Risasi ninayosema hapa si ya bunduki, ingawa madini ni yaleyale. Zamani iliwekwa kwenye petroli ili injini isigonge. Gari likipita, risasi inatoka na moshi, mtoto anaivuta. Huharibu ubongo unaokua, na mtoto anapata shida ya kujifunza.

Huko Marekani mwaka 1970 Rais Nixon, wa chama cha Republican, alianzisha EPA, shirika la serikali la kulinda mazingira. Mwaka huohuo Bunge likapitisha sheria ya hewa safi, vyama vyote viwili vikiiunga mkono. Risasi ikaanza kupunguzwa.

Mwaka 1981 akaingia Reagan, Republican pia, akisema kanuni zimezidi, zinabana biashara. Kamati chini ya makamu wake, George Bush, ikaikodolea macho kanuni ya risasi: eti ilegezwe! Umeona mchezo ulivyo? Sheria yenyewe haijaguswa. Lakini Rais ndiye anayemteua mkuu wa EPA, na mkuu akibadilika, kanuni inaweza kukazwa au kulegezwa.

Kilichogeuza mjadala ni vipimo. Damu za Wamarekani zilikuwa zimepimwa kati ya 1976 na 1980, ikaonekana risasi mwilini imeshuka kwa zaidi ya theluthi moja, sambamba na kupungua kwake kwenye petroli. Hapo mbishi atasema nini? Mwaka 1985 serikali hiyohiyo ya Reagan ikaamua kiwango kishuke kutoka gramu 1.1 hadi 0.1 kwa galoni. Mwaka 1996 ikapigwa marufuku kwa magari ya barabarani.

Siku hizi wanavutana kuhusu zebaki inayotoka kwenye moshi wa makaa ya mawe. Mwaka 2024 serikali ya Biden, wa Democratic, ilikaza kanuni. Mwaka 2025 ya Trump, wa Republican, ikavisamehe vituo vingi vya umeme kwa miaka miwili.

Na sisi Afrika je? Petroli ya risasi iliendelea kuuzwa kwetu. Makubaliano ya kuiacha yalifanyika Dakar mwaka 2001, na nchi za kusini mwa Sahara zikaiacha kufikia Januari 2006. Miaka kumi baadaye! Kama una kaka au dada aliyekulia mjini kabla ya hapo, huenda naye aliivuta.