Mbwa Akikohoa Usingoje

Mazungumzo kwa vikundi vya kujisaidia, Kisii na Nyamira

Leo sitazungumza habari za ng'ombe wala migomba. Nitazungumza habari za mbwa. Naona wengine mnacheka. Lakini usiku nani hulinda kuku wako? Mwizi akija bomani, nani humsikia kwanza? Si huyo huyo esese wetu?

Miaka iliyopita mbwa wangu alianza kukohoa. Macho yalijaa matongo, pua ikatoa kamasi nzito, akakataa chakula. Nikasema, "Ni baridi tu, itapita." Baada ya wiki mbili hivi taya likaanza kutetemeka, kisha akawa anaanguka kama mwenye kifafa. Akafa. Mwezi haukuisha kabla watoto wa mbwa wa jirani nao hawajafa. Kilichoniuma ni kwamba mbwa wangu alikuwa amechanjwa! Kumbe ilikuwa chanjo ya kichaa cha mbwa peke yake, na hiyo haizuii ugonjwa huu.

Ugonjwa wenyewe huitwa distempa. Ni virusi. Mbwa mgonjwa akikohoa au kupiga chafya, mwenzake huvuta hewa ile akaambukizwa. Hapa kwetu mashamba ni madogo na boma zimekaribiana, kwa hivyo mbwa mmoja huweza kuwaambukiza wengi. Binadamu haugui distempa, lakini wanyama wa porini huugua. Mwaka 1994 ugonjwa huu uliua simba karibu 1,000 kule Serengeti, yaani kama thuluthi moja ya simba wote wa huko, ukafika hata Maasai Mara, jirani zetu. Wataalamu waliona kwamba chanzo kilikuwa mbwa wa vijijini.

Kuna pia kikohozi kingine kikavu, mbwa hukohoa kama amekwamwa na mfupa kooni. Huyo mara nyingi huendelea kula na hupona kwa wiki chache. Hata hivyo naye huambukiza, na watoto wa mbwa wanaweza kupata nimonia.

Sasa tufanye nini?

1. Mbwa akikohoa, mtenge na wenzake. Chombo chake kiwe chake peke yake, kioshwe kwa sabuni.

2. Mwite daktari wa mifugo mapema. Hakuna dawa ya kuua virusi vya distempa, lakini matunzo mema huokoa baadhi. Usimpe vidonge vya watu; vinaweza kumdhuru.

3. Mbwa akitetemeka, akitoa povu au akibadilika tabia, usimguse. Huenda ni kichaa cha mbwa. Akikuuma, osha kidonda kwa maji na sabuni dakika 15, uende hospitali siku hiyo hiyo.

4. Chanja watoto wa mbwa kuanzia wiki 6 hadi 8, kisha warudiwe kila baada ya wiki 3 au 4 mpaka wafikishe wiki 16. Muulize daktari waziwazi: "Hii ni ya kichaa, au ya distempa pia?" Zote mbili zinahitajika.

Mtasema gharama ni kubwa. Ni kweli, kwa mtu mmoja. Lakini chanjo lazima isafirishwe kwenye baridi, na nauli ya daktari ni ile ile akija kwa mbwa mmoja au 30. Basi kikundi kiandike mbwa wote wa wanachama, kichange kidogo kidogo kila mkutano, kisha daktari aitwe siku moja.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi nilijenga. Nyinyi zibeni.